Marehemu Aliyerefuka Sentimita Sita

Kwa mujibu wa kumbukumbu za Mradi wa Moyo Mzima, Kwandu mke wa Ngassa aliendelea vizuri sana baada ya kuzikwa.

Alizikwa Jumatano moja ya mwezi wa sita, watu wakiwa katika kuchuma pamba. Mwezi wa saba alifika kliniki asubuhi na mapema, akapimwa presha, akapanda kwenye mizani, akapokea vidonge vyake na kuweka dole gumba kwenye fomu. Mwezi wa nane akaja tena. Wa tisa na wa kumi hakukosa. Watu wengi walio hai hukosa kliniki kwa sababu ya mvua, msiba au uvivu. Yeye hakutoa udhuru hata mmoja. Presha yake nayo, ambayo ilikuwa imewasumbua wataalamu kwa miaka miwili, ikaanza kushuka kwa adabu.

Fomu hizo nne sasa zilikuwa juu ya meza ya Inspekta Klementina Shigela, katika ofisi ya upelelezi mjini Bariadi. Upande wa pili wa meza alikaa mtu aliyezijaza, Muuguzi Eufrasia, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini aliyekuwa amevaa sare yake nyeupe japo alisimamishwa kazi tangu Jumatatu. Kando ya ukuta, kwenye kiti cha mbao, alikaa aliyemshitaki: Dokta Joakim, mkuu wa mradi, akiwa amepakata kompyuta kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Dirishani alisimama Koplo Masalu, dereva na msaidizi wa Inspekta, mtu wa miaka hamsini na sita, akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyonyunyiziwa chumvi.

Mkuu wa upelelezi alikuwa amesema neno moja tu jana yake: Ijumaa. Ijumaa jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka likiwa na shitaka la kughushi nyaraka na jina la Eufrasia juu yake, au lifungwe. Leo ilikuwa Jumatano.

"Huyu mama alikuja," alisema Eufrasia.

"Alikuwa amekufa."

"Afande, sibishi. Kama alikuwa amekufa, basi alikuja amekufa. Lakini alikuja, na alinisalimia."

Koplo Masalu alikohoa ili asicheke.

"Ulimtambuaje?" aliuliza Inspekta.

"Kwa namba. Mia moja na saba. Fomu zetu hazina jina wala picha, ndiyo sheria ya mradi, siri ya mgonjwa isitoke. Mtu anakuja na kadi. Naisoma, namuuliza, wewe ni mia moja na saba? Anasema ndiyo. Nampima."

"Na ng'ombe akija na kadi?" Koplo aliuliza kutoka dirishani.

"Nitampima, Koplo. Na wewe nitakupima, ukishamaliza hiyo chumvi."

Inspekta alisubiri utulivu urudi. "Muuguzi aliyekutangulia alimfahamu Kwandu?"

"Alimfahamu kwa miaka miwili. Alikwenda masomoni mwisho wa mwezi wa sita. Mimi nikapokea kituo mwezi wa saba."

"Kwa hiyo Kwandu halisi hujawahi kumwona."

"Kama yule si yeye, basi sijawahi."

Inspekta alimgeukia Dokta Joakim. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu. Mradi wake ulifuatilia watu wenye presha na kisukari katika vituo vitatu, Nyashimo, Sola na Ngulyati, kwa miaka mitatu: nani anakula chumvi kiasi gani, nani anavuta, nani ana uzito kupita kiasi, na mwisho wa yote, nani anapona, nani anapooza, nani anakufa. Wiki iliyopita alikuwa amepitia orodha ya vifo katika ofisi ya kata ya Ngulyati na kukuta humo jina la mtu ambaye kompyuta yake ilisema ni mzima.

"Kwa nini unaamini muuguzi alizijaza nyumbani kwake?"

"Tazama kalamu. Moja. Tazama mwandiko. Mmoja. Lakini si hilo." Aligeuza kompyuta ili Inspekta aone mistari mitatu ya rangi. "Sola nimepoteza watu kumi na wawili, wote nimewazika na kuwaandika. Nyashimo tisa. Ngulyati, watu arobaini na mmoja, sifuri. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama, hakuna aliyekosa hata mwezi mmoja. Hakuna kituo cha namna hiyo duniani."

"Ulipoona sifuri ulifanya nini?"

"Nilifurahi," alisema Dokta Joakim. "Niliwapelekea wafadhili. Ndiyo maana sasa sina usingizi."

Inspekta alivuta kidau cha wino. Alilichovya dole gumba la Eufrasia, akalikandamiza kwenye karatasi nyeupe, akaliweka chini ya lenzi kando ya yale manne. Alitazama kwa muda mrefu. Mistari ya Eufrasia ilijizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Ile ya fomu nne ilipinda kama upinde. Kisha akatoa fomu ya kwanza kabisa, ile ambayo Kwandu aliiwekea dole siku alipokubali kuingia kwenye utafiti. Dole hilo nalo lilikuwa la namna yake.

"Si dole lako," alimwambia muuguzi. "Na si la Kwandu. Fomu zote nne ni dole la mtu mmoja, wa tatu."

"Dole linaombwa," alisema Dokta Joakim. "Jirani, mpishi, mtu yeyote. Hilo halimtoi hatiani."

"Ni kweli, halimtoi," alikubali Inspekta.

Basi akaanza upya, kutoka juu ya fomu hadi chini, akifuata kila safu kwa ncha ya penseli. Namba. Tarehe. Presha. Uzito. Urefu. Penseli ilisimama.

"Urefu mnapima kila mwezi? Mtu wa miaka hamsini bado anakua?"

Dokta Joakim alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Fomu inataka. Urefu na uzito vinaenda pamoja, kujua unene. Lakini nikwambie ukweli, hakuna anayepima. Wanapima mara ya kwanza, halafu wananakili kutoka fomu ya nyuma. Na mimi nilinakili nilipokuwa kijana."

"Sisi hatukufundishwa kunakili," alisema Eufrasia. "Matroni wetu alikuwa anatupiga na ile rula yenyewe."

Inspekta alipanga fomu zote za Kwandu mezani kwa mfuatano, miezi ishirini na minane. Miezi ishirini na minne ya mwanzo urefu wake ulikuwa sentimita mia hamsini na mbili, bila kutikisika. Mwezi wa saba, mwezi mmoja baada ya mazishi, akawa mia hamsini na nane. Na mwezi wa nane. Na wa tisa. Na wa kumi.

"Marehemu amerefuka," alisema Koplo Masalu, aliyekuwa amesogea bila kuitwa.

"Sentimita sita," alisema Inspekta. "Sasa sikiliza, Dokta. Mtu anayeghushi fomu nyumbani kwake ana kazi ya kutunga. Presha lazima aitunge, inabadilika. Uzito lazima autunge. Urefu ndicho kitu pekee ambacho hahitaji kukitunga, kwa sababu kipo tayari kwenye fomu ya nyuma. Mwongo angeandika mia hamsini na mbili akiwa amefumba macho. Huyu ameandika jambo lisilowezekana, na ameliandika mara nne. Jambo kama hilo huandikwa na mtu mmoja tu, yule aliyeshika rula na kuna kichwa chini yake."

Dokta Joakim alifunika kompyuta yake taratibu.

"Kwa hiyo kuna mama," alisema.

"Kuna mama. Ana sentimita mia hamsini na nane na ana presha." Penseli iligonga fomu ya mwezi wa saba. "Mwezi wa sita, kabla hajafa, presha ya Kwandu ilikuwa mia sitini na mbili. Mwezi wa saba ni mia tisini na nne. Muuguzi, hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nilimuuliza, mama, mbona imepanda hivi? Akanijibu kwamba amezika mtu wa nyumbani. Niliandika, ipo hapo chini kwenye maoni."

Ilikuwepo, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: *Msiba nyumbani.*

Hakuna aliyecheka. Hata Koplo alikunja kifuko chake cha michembe na kukitia mfukoni.

"Leo ni Jumatano," alisema Inspekta. "Kliniki ya Ngulyati ni lini?"

"Leo," walijibu muuguzi na daktari kwa pamoja.

*

Dokta Joakim alitangulia na gari lake kwenda kituoni. Inspekta alimchukua Eufrasia kwenye Land Cruiser ya polisi, lakini hakwenda kituoni kwanza. Alitaka kuanza na mume.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka. Pande zote za barabara watu walikuwa mashambani. Boma la Mzee Ngassa lilikuwa na zizi kubwa, nyumba tatu za bati, na nyuma yake shamba ambamo watu wapatao ishirini walikuwa wamejipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka pamoja kwa mdundo wa ngoma. Kiongozi wao alitembea mbele kinyumenyume. Kila walipofika mwisho wa tuta alisimama, akaita majina, na kila aliyeitwa akaitika kabla ya kuanza tuta jingine.

Mzee Ngassa alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta wa zizi, akirekebisha nira.

"Mwangaluka, bhabha," Inspekta alimwamkia kwa Kisukuma, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mayu. Wa wapi?"

"Wa Sola, kwa Shigela. Sasa nafanya kazi Bariadi."

"Sola pamba yenu imeota?"

"Imeota. Panya wameila kidogo."

"Hata huku."

Ng'ombe wakaulizwa, watoto wakaulizwa, mvua ikaulizwa. Inspekta hakuharakisha. Kwenye daftari lake alikuwa na maswali kumi na moja aliyoyapanga njiani, moja likisukuma jingine, ili mzee afike kwenye ukweli bila kujua kwamba ameshafika. Alianza na lile lililoonekana la kipumbavu kuliko yote.

"Bhabha, namtafuta Kwandu."

"Yupi?" aliuliza Mzee Ngassa. "Kwandu mwenyewe ndiye huyo." Alielekeza kidevu kwenye kaburi la matofali ng'ambo ya zizi. "Kama ni Kwandu wa kliniki, ametoka alfajiri. Mngekutana naye njiani."

Inspekta alifunga daftari, na maswali kumi yaliyobaki humo ndani yakabaki hayajaulizwa mpaka leo.

"Kwandu wa kliniki ni nani?"

"Kabula. Mke wangu mdogo."

"Nani alimtuma?"

"Mimi. Nafasi ilikuwa yetu." Mzee alimtazama kama anayepima iwapo mtu huyu kweli ni wa Sola. "Kwenu hamlimi kwa kikundi? Tazama pale. Yule wa nne, mwenye mpini mpya. Nafasi ile ni ya Novatus. Novatus amekufa baada ya Pasaka. Anayelima ni shemeji yake. Kikundi tulikubaliana misimu mitatu, na haijaisha, kwa hiyo kiongozi anaita Novatus na shemeji anaitika. Nyumba ikiacha nafasi wazi, wenzako wanalima na sehemu yako, na siku ya shamba lako hawaji."

"Na kliniki?"

"Yule dokta wenu alikuja mkutanoni. Alisema vizuri, sote tulimsikia. Mmechaguliwa watu arobaini na mmoja. Miaka mitatu. Nataka kila namba ije kila mwezi, isikose hata moja. Tukaelewana. Kikundi sisi tunakijua." Aliweka nira chini. "Haijakosa. Au imekosa?"

"Haijakosa."

"Sasa polisi wa nini?"

"Mlimwambia dokta kwamba Kwandu amekufa?"

"Mayu, walikuja watu mia tatu kuzika. Nilijua amesikia. Na yeye akija hapa haulizi nani amekufa, anauliza presha."

"Ni nyumba ngapi zilizoweka mtu kushika nafasi?"

Hapo mzee alirudisha nira magotini. "Hiyo waulize wenyewe. Kila nyumba na nafasi yake."

Garini, Koplo Masalu aliwasha injini na kusema kwamba kwa upande wake kesi imekwisha.

"Kwako," alisema Inspekta. "Mwendesha mashtaka atasema mzee amefundishwa. Nahitaji dole la Kabula."

Eufrasia alikaa kiti cha nyuma. Alikuwa amegeuka kulitazama lile kaburi hadi vumbi likalifunika.

*

Kliniki ya mradi ilikuwa katika ghala la zamani la pamba. Watu walikaa kwenye mabenchi, kadi zao mapajani, na Dokta Joakim alikuwa mezani peke yake akipapasa mkanda wa presha kama mtu aliyewahi kuujua zamani. Walipomwona Eufrasia anaingia nyuma ya polisi, watu walivuta miguu kuwapisha.

"Mia moja na saba," aliita Inspekta.

Alisimama mwanamke mrefu mwenye mabega ya kazi, kitenge kimefungwa vizuri, uso hauna wasiwasi. Inspekta alimpeleka pembeni, kwenye meza ya mizani. Dokta Joakim akafuata. Eufrasia akabaki hatua mbili nyuma, mikono kifuani.

"Mama, wewe ni Kabula."

"Nyumbani ni Kabula. Hapa ni mia moja na saba."

"Nimetoka kwa mzee. Amenieleza. Naomba uweke dole gumba kwenye karatasi hii, nilinganishe na fomu za miezi minne. Sikulazimishi. Ukikataa una haki, na sitakukamata kwa kukataa."

Kabula alilitazama dole lake, halafu akalificha kiganjani. "Nikiweka, nini kinafuata?"

Inspekta alimwachia Dokta Joakim swali hilo.

"Nitalazimika kuifuta namba," alisema daktari. "Ni ya marehemu."

"Na vidonge?"

"Vidonge vinafuata namba, mama. Si mimi niliyepanga."

"Basi siweki." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekataa kuongezewa uji. "Kwandu alianguka mbele ya jiko. Mkono ulikufa kwanza, halafu mguu, halafu ulimi. Nilikuwa namgeuza mimi, siku tatu, na macho yake yananifuata. Nilipokuja hapa kushika nafasi yake sikujua kwamba naumwa. Huyu binti alinifunga mkanda, akasoma, akanyamaza. Kumbe na mimi ninayo, na ni kubwa kuliko ya yule aliyekufa. Sasa imeshuka, silali nikisikia masikio yanapiga. Mnataka niwape kidole nirudi nikaangukie jiko lile lile, kwa sababu ya karatasi?"

"Kwa sababu ya huyu," alisema Inspekta, na kumwonyesha Eufrasia. "Ijumaa anashitakiwa. Wanasema fomu zako alizitunga. Wanasema hakuna aliyekuja."

Kabula aligeuka.

"Si ulinipima?"

"Nilikupima, mama."

"Ukanipandisha na kwenye ule mti wa urefu."

"Nilikupandisha."

"Na wanasema sikuja?" Alimtazama Dokta Joakim kuanzia viatu mpaka juu. "Mimi mzima hivi, na kilo zangu sabini na tisa, nimetungwa?"



"Mama, usiweke kwa ajili yangu," alisema Eufrasia. Alisogea ile hatua mbili. "Lakini kuna jambo lazima ulijue, na nikilinyamazia nitakuwa kweli nimekudanganya. Vidonge ulivyokuwa unakunywa viliandikwa kwa figo za Kwandu. Damu yake ilipimwa siku alipoingia kwenye mradi. Yako haijapimwa hata tone. Sijui figo zako zikoje. Sijui kama dozi ile inakufaa au inakuumiza polepole. Nimekupa miezi minne nikidhani nakujua."

"Imeshuka lakini."

"Imeshuka. Namba hiyo ndiyo ninayoiona. Nisiyoiona siwezi kukwambia."

"Nikienda hospitali, kwa jina langu?"

"Watakupima damu, watakuandikia vyako. Vidonge vipo. Vikiisha, utaambiwa urudi, na siku nyingine utarudi bure. Huko si kama hapa."

Kabula alikaa kwenye mizani, kwa kuwa hakukuwa na kiti, na sindano ikaruka mpaka sabini na tisa na kutulia. Mabenchini hakuna aliyegeuza shingo, na hakuna aliyekuwa anatazama kwingine.

"Ungesema vipo siku zote," alimwambia Eufrasia hatimaye, "ningejua unanidanganya, na dole nisingeweka."

Alinyoosha mkono. Inspekta alilichovya dole gumba lake kwenye wino na kulilaza kwenye karatasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama inavyotakiwa. Kisha akalisogeza dirishani na lenzi yake. Upinde. Kovu dogo la jembe upande wa kushoto. Mstari uliogawanyika mara mbili juu ya kovu. Alihesabu alama kumi na mbili na hakuendelea, kwa kuwa hata mahakama haitaki zaidi ya hapo.

"Ndilo," alisema.

Eufrasia aliketi sakafuni, akiegemea ukuta, sare yake nyeupe ikigusa vumbi la pamba.

Kabula alikuwa anafuta wino kwa ncha ya kitenge. "Sasa mwandikeni na Kwandu," alimwambia Dokta Joakim.

"Kumwandika namna gani?"

"Kwamba amekufa. Kwenye kompyuta yako anaendelea vizuri. Haendelei vizuri."

Dokta Joakim alifungua sanduku la fomu la Ngulyati. Chini kabisa, chini ya zile za presha na zile za chakula, kulikuwa na furushi la fomu za vifo, bado limefungwa kwenye plastiki yake tangu kiwandani. Alilichana kwa meno. Aliandika namba mia moja na saba, halafu akauliza tarehe, na alianguka saa ngapi, na ni upande gani uliokufa kwanza, na Kabula alijibu kila swali taratibu huku akimsubiri amalize kuandika. Hicho ndicho alichokuwa amekuja kukitafuta mkoani Simiyu kwa miaka mitatu. Kilikuwa kimekaa kwenye benchi lake kila mwezi, na kimemsalimia.

Alipomaliza alisimama mbele ya mabenchi. Akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote.

"Kuna mwingine aliyeshikiwa nafasi?"

Kabula aliwaambia maneno machache kwa Kisukuma. Hakuinua sauti. Mzee mmoja mwenye bakora alijikongoja akasimama. "Kumi na nne," alisema. "Mwenyewe alikuwa kaka yangu." Nyuma yake akasimama msichana aliyekuwa na kadi ya mama yake. Halafu wawili kwa pamoja. Hawakuonekana kama watu waliokamatwa. Walisimama wamenyooka, kila mmoja akitaja namba na jina la aliyekuwa na namba hiyo, na Dokta Joakim akaandika akiwa amesimama, ubavu wa sanduku ndio meza yake. Walipokwisha, sifuri ya Ngulyati ilikuwa imekuwa kumi na tatu, moja zaidi ya Sola. Kituo bora kuliko vyote ndicho kilichozika watu wengi kuliko vyote.

"Niliwapelekea wafadhili," Dokta Joakim alisema, si kwa mtu yeyote.

"Utawapelekea tena," alisema Inspekta. "Na leo hii utaandika barua ya kuondoa malalamiko yako. Niisome kabla sijaondoka."

Aliisoma. Ilikuwa mistari mitano, na jina la Eufrasia liliandikwa vizuri. Inspekta aliitia ndani ya jalada pamoja na karatasi ya dole, akaandika juu yake *Lifungwe*, na tarehe, na sahihi yake, siku mbili kabla ya Ijumaa.

Kabula alikuwa amefungua fundo la kitenge. Alitoa vidonge vilivyobaki vya mwezi uliopita, saba, akaviweka mezani mbele ya daktari kimoja kimoja, na kadi juu yake. Dokta Joakim hakuvigusa. Hakuvirudisha pia.

"Hospitali inafunga saa ngapi maabara?" Inspekta alimuuliza Eufrasia.

"Saa tisa, afande. Mkienda sasa mtawahi."

"Wewe ndiye utakayewaeleza cha kupima. Inuka."

Nje, Koplo Masalu alikuwa ameshageuza Land Cruiser. Kabula alilizunguka mara moja, akatazama vyuma vya madirisha ya nyuma, na watu kwenye mlango wa ghala wakamtazama yeye. Aliuliza akae wapi.

"Mbele," alisema Inspekta. "Nyuma ni kwa watuhumiwa, na leo sina. Huko nitakaa mimi na muuguzi."